Saa za Kuingia Muhazi na Saa za Kutoka

Diane, umeniambia nibonyeze hapa penye alama ya kipaza sauti, nizungumze, halafu wewe na wenzako mtakaa myachape maneno yangu na kuyaweka kwenye kundi lenu. Haya, nimebonyeza. Kama nimebonyeza kingine, basi nimezungumza na ukuta, na wala haitakuwa mara ya kwanza.

Mlikuja hapa Rebero Jumapili baada ya misa, wewe na hao wenzako wawili, mkanywa chai, mkamaliza na maandazi, ndipo mkatoa habari: mmenunua mtumbwi, uko ziwa Muhazi, na Jumamosi mnaanza kuvua. Mkaniuliza swali moja tu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya pale soko la Kimironko: "Papa, saa gani ni nzuri?"

Nilicheka. Mkadhani nimefurahi. Mimi nikiogopa nacheka, mke wangu anajua, ndiyo maana alinyanyuka akaingia jikoni na hakutoka mpaka mmeaga.

Wale wenzako hawanijui, kwa hiyo nijieleze kidogo. Nilizaliwa ukimbizini Bujumbura. Kiswahili changu nilikiokota mtaani Buyenzi, uvuvi nikajifunza ziwa Tanganyika, na tulipohamia Kigali nikaendelea Muhazi mpaka magoti yakagoma. Pale tulipokuwa tukifungia mitumbwi waliniita Bwoba, yaani woga, na sikuwahi kukasirika. Kwa nini nikasirike? Naogopa maji, naogopa upepo, naogopa wingu dogo jeupe lililosimama peke yake. Baadhi ya wale mashujaa waliokuwa wakinicheka, leo hii siwezi tena kuwapigia simu.

Na mjue huyu Diane ni nani kwangu. Ni mtoto wa Gaspard, kaka wa mke wangu Veneranda, kaka pekee aliyekuwa amebaki naye. Gaspard alifia Muhazi, ndani ya mtumbwi wangu, huyu Diane akiwa bado anatambaa. Mama yake alikuwa ameshatangulia, tukamlea sisi. Anajua baba yake alipigwa na radi. Zaidi ya hapo hajawahi kuuliza, na sisi hatujawahi kusema.

Sasa huyu mwenzenu anataka kwenda kuvua ziwa lilelile.

Mlipoteremka kutafuta moto, zile pikipiki za kuwarudisha mjini, Veneranda akatoka jikoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Mpe saa mbaya," akaniambia.

"Saa mbaya gani?"

"Wewe si ndiye unayezijua? Mwambie aende mchana, jua la utosini. Asipate hata mmoja. Ataenda mara mbili, mara tatu, atachoka, atauza huo mtumbwi, atarudi kwenye kompyuta yake Remera akae kivulini kama watu."

Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri wiki nzima. Kwa hiyo mnaponisikiliza, mjue anayewapa saa hizi ameombwa na mtu wake wa nyumbani awadanganye, na hajamjibu.

Ngoja nianze na ujinga wangu, ili msidhani nilizaliwa najua. Nilipofika Muhazi mara ya kwanza nilicheka. Tanganyika ukisimama ufukweni, ng'ambo ni habari ya kuambiwa. Muhazi unamwona mama wa ng'ambo anaanika nguo, na ukikaza macho unajua ni nguo za nani. Nikasema, hili ni dimbwi, nitawafundisha hawa. Kule kwetu dagaa tuliwavua kwa taa, giza likiwa zito. Nami nikaazima karabai, nikaifunga kwenye mtumbwi, nikaenda kuwaonyesha watu kazi. Yezu wangu! Walikuja mbu. Walikuja wadudu wenye mabawa, wadogo kwa wakubwa, wakaingia mdomoni, puani, kwenye chai. Samaki hata mmoja hakujishughulisha. Asubuhi mzee mmoja aliyekuwa akikarabati wavu wake akanitazama uso ulivyovimba, akaniuliza kwa upole kabisa, "Umewauza wapi hao mbu?"

Huyo ndiye Mzee Kabura, ndiye aliyenifundisha ziwa. Mrundi, mfupi, mkali, na mwoga kuliko mimi. Alikuja kufa kitandani kwake, shuka safi, padri pembeni, kama alivyotaka.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba samaki wa kwanza hauzwi, anapasuliwa. Palepale majini. Unatazama tumbo. Likiwa tupu, samaki wana njaa, umefika kwa wakati, kaa uvue. Likiwa limejaa na chakula kimeanza kulainika, wameshakula, wanakwenda kupumzika, nawe utaning'iniza ndoana mpaka uote mvi. Funga vitu vyako uende. Veneranda alikuwa akilalamika kwamba kila siku namletea samaki aliyechanwa kama barua iliyofunguliwa na polisi, lakini alimla.

La pili, nyavu zinatupwa jioni na kutolewa alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu msijisumbue sana, maana samaki anauona wavu kama wewe unavyoiona kamba ya nguo uani. Mwezi ukifichika ndipo nyavu zinakuwa nzito. Kwa ndoana, tilapia anakula vizuri kuanzia kunapopambazuka mpaka jua linapotoka nyuma ya kilima na kukuchoma shingo. Hapo anateremka chini kwenye maji baridi, na wewe teremka kwenye mtumbwi. Saa nne uwe nchi kavu. Samaki wakikataa, saa nne. Samaki wakikubali, saa nne. Hilo la saa nne Kabura hakunifundisha. Nilikuja kulijua mwenyewe, na mtasikia nililijuaje.

La tatu, mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Maji ya kahawia yanashuka kutoka mashambani, yanaingia ziwani kwenye mafunjo, na kambare wanajaa pale kama watu kwenye harusi ya tajiri. Lakini unakwenda asubuhi ya pili yake, siyo mvua ikinyesha. Nimemwona kijana amekwenda mvua ikinyesha kwa sababu alisikia kambare wapo. Walikuwepo kweli. Mtumbwi wake tuliukuta umelala kifudifudi kwenye mafunjo, kandambili moja ndani.

Nasikia mna simu inayowaambia mvua. Diane amenionyesha. Imeandika "Kigali, mawingu kiasi". Kigali ipi? Hapa Rebero naanika nguo zikauke, na Nyabugogo muda huohuo watu wanakimbia na mizigo kichwani maji yakiwafika vifundoni. Itazameni simu, siwakatazi. Lakini Muhazi ni ndefu na nyembamba, imelala katikati ya vilima, na vilima vile vinaficha mbingu. Wingu hulioni likija. Unaliona likiwa juu ya kofia yako. Hicho ndicho kitu ninachokiogopa kuliko vyote kwenye lile ziwa, na ndicho sisi wavuvi wa pale tulichokitafutia dawa yetu.

Dawa yetu ilikuwa ng'ombe.

Msicheke. Ng'ambo ya pale tulipokuwa tukivua kulikuwa na mteremko wa majani, na wachungaji walichunga pale ng'ombe wenye pembe ndefu. Mchungaji yuko juu, anaona nyuma ya kilima. Naye anaogopa radi kuliko mvuvi, kwa kuwa ng'ombe wanakimbilia chini ya mti, na radi moja inaweza kummalizia utajiri wa ukoo. Kwa hiyo tulivua huku jicho moja liko kwa ng'ombe. Ng'ombe wakianza kuswagwa kwenda nyumbani saa isiyo ya kwenda nyumbani, hakuna mjadala, tunapiga kasia. Tulifika nchi kavu, tukawasha sigara, ndipo ngurumo ya kwanza inasikika. Kabura alikuwa akimpungia mkono mchungaji yule asiyemjua jina, kila siku, kama anavyomwamkia padri. Ng'ombe wakitulia, nasi tulitulia. Tulivua hivyo miaka mingi na hakupotea mtu aliyewasikiliza.

Kisha ikaja amri ya kutofuga kwa kuzurura. Ng'ombe wakae zizini, wakatiwe majani. Tuliisikia kwenye mkutano wa kijiji kama watu wote, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Nani angefikiria kwamba amri ya ng'ombe inamhusu mvuvi? Kabura alikuwa ameshakufa. Labda yeye angefikiria.

Siku yenyewe tulikuwa wawili, mimi na Gaspard. Gaspard alikuwa mwembamba, mcheshi, anapenda kuimba ndani ya mtumbwi ingawa sauti hana. Alfajiri tulitoa nyavu: tupu. Tukaingiza ndoana: hakuna. Jua likapanda, saa ya kwenda nyumbani ikapita, na sisi bado tunahamahama, mara kwenye mafunjo, mara katikati. Mnajua, aliyepata samaki anarudi mapema, ana haraka ya kwenda kuuza. Asiyepata ndiye anayeng'ang'ania majini. Hatukuwa tayari kurudi vile. Joto lilikuwa la kukaba, hewa haisogei, maji yamelala kama mafuta.

Halafu, mchana kabisa, samaki wakaanza kula. Ghafla tu. Tilapia wa ukubwa wa kiganja, mmoja baada ya mwingine, huna hata muda wa kubadilisha chambo. Gaspard anacheka, mimi nacheka, na nimeshawaambia mimi nacheka lini. Samaki kupanda juu mchana kwenye joto lile ni hewa imekuwa nzito, kuna kitu kinakuja. Nilijua. Nikatazama ng'ambo. Ng'ombe wamesimama chini ya mti wao, kimya, hawajaondoka.

"Ng'ombe wametulia," nikasema.

"Wametulia," Gaspard akaitikia, akatupa tena ndoana.

Mara nikahisi nywele za mikono zinasimama. Baridi ikapita usoni, baridi ya ghafla, kama mtu amefungua mlango. Nikatazama tena ng'ambo: wako palepale. Nikajiambia, Bwoba wewe, unaogopa nini, si unawaona? Gaspard naye alikuwa akiwatazama, amekunja macho kwa sababu ya mwanga. Uso wake ukabadilika.

"Shemeji," akasema, "wale ng'ombe wamefungwa kamba."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Diane, sijawahi kukwambia, ndiyo hayo. Hakuwepo mchungaji. Mwenye ng'ombe alikuwa anajenga zizi, na kabla halijakamilika aliwafunga kwenye mti ule asivunje amri, akaenda kazini kwake. Hawakuwa wametulia. Walikuwa wanavuta kamba.

Sikusikia mlio. Niliona weupe tu, kila mahali, hata ndani ya kichwa. Nilipoona tena vitu, nimelala kwenye maji ya chini ya mtumbwi, masikio yangu hayapo, mvua inanipiga usoni na siisikii. Gaspard alikuwa ameketi palepale alipoketi. Mshipi ulikuwa bado umezunguka kidole chake, na kidole kinasogea. Nikapiga kelele kwa furaha, nikamshika. Kumbe ni samaki, bado anauvuta ule mshipi kutoka chini.

Nikapiga kasia. Nilipiga kasia huku namsemesha, namtania, namwambia umenichosha leo, namwambia imba basi, imba hata ule wimbo wako mbaya. Niliogopa kwamba nikinyamaza itakuwa kweli. Sijui ilichukua muda gani, upepo ulikuwa umeingia ziwani na mtumbwi unazunguka, na kila mwanga ukipiga nilijikunja juu yake kama naweza kumkinga. Ufukweni watu walitupokea. Nyumbani kulikuwa na watu. Ya mlangoni siyasemi.

Mniulize kama niliendelea kuvua baada ya hapo. Niliendelea, watoto walikuwa wanakula. Lakini tangu siku ile sikutazama tena ng'ombe wa mtu. Nikajiwekea saa nne, na saa nne ikifika narudi hata kama samaki wananirukia mapajani. Hapo ndipo jina la Bwoba likanikaa sawasawa. Vijana waliniimbia nikitoka majini wao wakibaki. Na kila asubuhi, kila asubuhi jamani, nilipokanyaga ule mtumbwi nilitazama kwanza mbingu yote, kilima kwa kilima. Sikuacha mpaka nastaafu.

Sasa turudi kwa ombi la Veneranda. Anataka niwape saa mbaya. Namwelewa. Hata mimi usiku wa kuamkia leo niliona ni jambo la busara: niwapeleke mchana, msipate kitu, mchoke, basi. Lakini nimefikiri, na kadiri ninavyofikiri ndivyo damu inavyoniganda. Diane namjua. Alipokuwa mdogo akishindwa kufunga kamba ya kiatu hakubali umsaidie, anakaa chini mpaka aifunge, hata kama gari la shule limeondoka. Nikimpa saa mbaya hatachoka. Atang'ang'ania. Atakaa pale mchana kutwa na kapu tupu, jua linapanda, hewa inakuwa nzito, na halafu, wakati mbaya kuliko wote, samaki wataanza kula. Huyu mwenzenu atacheka. Mimi nitakuwa nimekaa hapa Rebero, natazama mawingu yakijikusanya upande ule nyuma ya Kimironko, najua ni nani aliyemweka pale.

Kwa hiyo nimewapa saa za kweli. Alfajiri. Pasueni samaki wa kwanza. Vaeni yale majaketi ya kuokolea, yakiwabana mbanwe. Saa nne, nchi kavu. Na naogopa, Diane, naogopa sana, sina namna nyingine ya kukwambia.

Leo ni siku nyingine, naendelea. Jana nilipofika hapo nilisikia kitu nyuma yangu. Veneranda alikuwa amesimama mlangoni na taulo la jikoni begani. Sijui amesimama tangu lini. Nikadhani atanigombeza, kwa sababu ya saa, na kwa sababu nimesema aliyoyasema kwa siri.

"Irudishe nyuma nisikie," akasema.

Nikairudisha, baada ya kubonyeza vitu vingi visivyohusika. Akaketi kwenye kiti kile cha dirishani, akasikiliza yote. Palipofika pale penye kidole na samaki akajifunika uso kwa lile taulo, maana hata yeye nilikuwa sijawahi kumwambia. Ikaisha. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu. Nabonyeza wapi?"

Nikamwonyesha. Sikubadilisha kitu, yachapeni kama alivyoyasema:

"Diane. Ni mimi shangazi yako. Huyu mzee amekwambia hawakuwa tayari kurudi. Hajakwambia kwa nini, na hatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Siku ile watu wa upande wa mama yako walikuwa wanakuja kukuona wewe. Sikuwa na kitu cha kuwapa. Asubuhi nilisimama mlangoni nikawaambia hawa wawili, leo msinirudie mikono mitupu, mtaniaibisha mbele ya wageni. Baba yako akacheka, akasema sawa dada. Mimi ndiye niliyesema. Huyu alikuwepo, alisikia, na miaka yote hii, hata tukigombana vipi, hajawahi kunirudishia lile neno. Sasa sikia. Nenda na saa alizokupa. Jumamosi mimi napika maharage, nimeshayachambua. Kama utapata samaki, wapitishe Kimironko uwauze hukohuko. Humu ndani hakuna anayengoja samaki. Tunakungoja wewe."